Mkono Chini ya Bega

Golders Green, London
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Mpenzi Mwanabaraka,

Jana mazoezini uliondoka mbio kuwahi shifti yako ya kuuguza, hukusikia tuliyoyasema nyuma yako. Yalikuwa mazuri, usitafute ugomvi. Ulipotoka tu, Léocadie akasema na yeye anaweza kumgeuza mtu kama wewe, akamlaza Miradie sakafuni, akamshika, akamviringisha mpaka ukutani. Miradie aliamka na vumbi usoni. Nikamwambia Léocadie ana nguvu za kuhamisha kabati, lakini hapa tunahamisha binadamu. Tulicheka mpaka Harjit wa ukumbini akaja kuchungulia kama kuna aliyeumia.

Sasa maneno ya kazi. Nimetunga dansi miaka hamsini. Nimezitunga na washona nguo wa East End walipogoma, na wanawake waliokuwa wakingoja kibali cha ukimbizi, na wasafishaji wa mabasi. Wote niliwaomba kitu kimoja, wanionyeshe mikono yao ikiwa kazini. Hakuna aliyenionyesha kitu kama chako: mtu mmoja anamgeuza mwenzake kitandani bila kumshtua. Hicho ndicho nimekiweka katikati ya dansi yetu. Kikitoka, tunabaki kundi la wanawake wanaozunguka zunguka ukumbini Wembley.

Unaijua kanuni yangu. Kila mchezaji aniandikie kwa karatasi namna mwili wake unavyofanya kazi. Usiniambie kwa simu, mashine zangu za masikio hupiga mluzi nikisogeza simu, na hiyo WhatsApp ya binti yako Nusra sitaki hata kuionyeshwa. Wala usinicheke Kiswahili changu. Wazazi wangu ni Wayahudi waliokimbia Ujerumani wakanizalia Nakuru. Mezani tulisema Kijerumani, Kiswahili nikakiokota jikoni na uwanjani, na kilichobaki nimekinunua kwenye madarasa ya jioni hapa London.

Onyesho ni Novemba, la wanawake peke yao kama mlivyotaka. Ni dansi yangu ya mwisho kutunga, nyonga imeshaniambia hivyo, kwa hiyo nataka iwe nzuri. Niandikie. Msalimie mumeo Harith, mwambie nakosa hadithi zake.

Wako,
Tirza


Wembley
16 Septemba 2025

Bi Tirza wangu,

Barua yako nimeisomea ndani ya basi, nikacheka peke yangu mpaka mama aliyekaa ubavuni pangu akahama kiti. Kiswahili chako si kibaya, kina kutu ya bara tu. Ukija kwangu nitakusugua.

Unataka niandike namna ninavyogeuza mtu. Ni kama kuniuliza napumua vipi. Haya. Kwanza namwambia, hata kama hasikii: nakugeuza sasa. Halafu nasugua mikono ipate moto. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine nyuma ya goti. Hapo sivuti. Nangoja avute pumzi, na anapoitoa mwili unalegea, ndipo ninapokwenda naye. Akishatua ubavuni namtia mto mgongoni asirudi nyuma. Basi, hakuna siri nyingine.

Kazini nimesomeshwa na cheti wamenipa, lakini hayo sikuyapata kazini, nimeyapata kwa Harith. Tangu kiharusi kilipompiga hana neno hata moja, yeye aliyekuwa akiwapigia abiria wa teksi yake soga mpaka wanasahau wanakokwenda. Sasa ana macho tu. Namgeuza alfajiri kabla sijatoka, kisha nikirudi, kisha wakati wa kulala. Siku hizi nikimshika hukunja uso. Nimemuuliza daktari, anasema hali ni ile ile. Tuyaache hayo.

Mwambie Miradie pole. Nitamfundisha Léocadie mwenyewe, mikono yake si mibaya, ina haraka tu.

Nikipata nafasi Jumatano nitakuja na visheti.

Mwanabaraka


Wembley
12 Oktoba 2025

Kwa Bi Tirza,

Natumai hujambo. Nakuandikia kukushukuru kwa kufika kwetu kwenye msiba wa Harith. Alifariki Alhamisi ya tarehe 25 Septemba, Ijumaa tukamzika, na wewe ukafika Jumapili. Ulikuja, ukakaa, ukaondoka. Tulikuona.

Mie nimo edani, sitoki mpaka mwisho wa Januari. Kwa hiyo mazoezi ndiyo basi, na hata baada ya hapo usinihesabu.

Nina ombi moja. Ile ya kugeuza niliyokuonyesha, itoe kwenye dansi. Sitaki iigizwe na mtu yeyote. Ilikuwa yangu mie na Harith na imekwenda naye.

Bakuli lako Nusra atakuletea.

Mwanabaraka binti Amir


Golders Green
16 Oktoba 2025

Bi Mwanabaraka,

Barua yako nimeipata. Ombi lako nimelitimiza. Kitu cha mtu ni cha mwenyewe, nami sijawahi kumchezesha mtu kwa nguvu. Nimewaeleza wenzako jana. Léocadie akauliza tutaweka nini mahali pale. Dansi sina tena, ila hilo ni juu yangu.

Lakini sitajifanya sielewi. Nilikaa kwenu zaidi ya saa nzima nikingoja neno lako moja tu, na hukunipa. Wenzako waliniangalia, wakaangaliana. Nikajua nimeingia pasipo pangu. Siku hizi mtu akisikia Myahudi anafikiria vita vya kwenye televisheni, nami siwezi kwenda nyumba kwa nyumba kueleza nimelia nini na nimeandamana wapi. Kama shemeji yako Talib au wengine hawakutaka nifike, ungenituma Nusra aniambie. Ningebaki nyumbani. Ningeumia, lakini nisingekasirika.

Nilimpenda Harith. Ni yeye aliyenipakia nikiwa na magongo yangu ya hospitali, akanisikia nanung'unika kwa Kiswahili nyuma ya gari, akakataa kunifikisha kwangu mpaka aje anionyeshe kwa mkewe. Hivyo ndivyo nilivyokupata. Sikupata nafasi ya kumlilia hata kidogo.

Bakuli baki nalo.

Tirza Blumenau


Wembley
20 Oktoba 2025

Bi Tirza,

Ulikuwa unaningoja mie?

Nimeisoma barua yako, nikamwita Nusra anisomee tena, maana nilidhani macho yananicheza. Mie ndiye mfiwa. Mie nimekaa kwenye mkeka sina nguvu hata ya kunyanyua kichwa, na wewe mgeni unangoja nianze mie? Kwetu mtu akiingia msibani hutoa salamu mlangoni, akaja akakupa mkono, akasema pole, Mungu akupe subira. Hata asiyekupenda husema. Poonam wa ghorofa ya juu hajui lugha yetu hata neno, lakini alikuja akanishika mikono yote miwili akalia. Wewe uliingia kimya kama mtu wa kukagua umeme, ukawapita mashangazi wote, ukavuta kigoda ukakaa mbele yangu, ukanyamaza. Nikasema moyoni, sasa hivi atasema. Nikangoja. Wallahi nilikungoja wewe kuliko nilivyomngoja mtu yeyote siku ile, kwa sababu wewe ulimjua alivyokuwa akiongea.

Na mayai, Bi Tirza. Umetuletea bakuli la mayai ya kuchemsha. Shangazi yake Harith ni mtu wa Pemba, kwake yeye mayai kwenye nyumba ya maiti si chakula, ni kazi ya mganga. Halafu ukasimama mlangoni, ukatugeukia, ukanong'ona maneno yasiyo Kiswahili wala Kiingereza, ukatoka zako. Shangazi alisoma Ayatul Kursi mpaka sauti ikamkauka. Talib akayabeba mayai kwa koleo la jikoni mpaka kwenye pipa la nje.

Na hilo la Uyahudi naomba usinitukane nalo. Umekula Idi ngapi kwangu? Talib ndiye aliyekufungulia mlango akakwambia karibu, ukampita. Amekasirika kwa hilo, wala si kwa jingine.

Sema basi, siku ile ulikuwa na nini?

Mwanabaraka


Golders Green
23 Oktoba 2025

Mwanabaraka, Mwanabaraka,

Nimecheka mpaka mashine moja ya sikio ikadondokea kwenye chai, kisha nikalia, kisha nikakumbuka koleo nikaanza upya.

Sikiliza. Kwetu anayekwenda kwa wafiwa haanzi yeye kusema. Hasalimu, hasemi pole, hasemi lolote. Anaingia, anakaa, anangoja mfiwa afungue kinywa mwenyewe, maana huenda mfiwa hana haja ya maneno na si haki kumlazimisha ayajibu. Akinyamaza saa nzima, nawe unanyamaza naye saa nzima. Ukiondoka ndipo unapomwombea kwa Kiebrania, kwamba Mungu amfariji pamoja na wafiwa wengine wote. Hayo ndiyo niliyoyanong'ona. Na mayai ndicho chakula cha kwanza cha mfiwa kwetu, kwa kuwa ni duara, hayana mwanzo wala mwisho. Niliyamenya mwenyewe moja moja, mwambie shangazi.

Utaniuliza kwa nini sikufikiri. Kwa sababu nilipoingia niliona kila kitu ni kama kwetu. Mmekaa chini. Kioo cha sebuleni kimefunikwa kanga. Wewe huna pambo hata moja mwilini. Nikajisemea, hapa ni nyumbani, hapa najua la kufanya. Mngekuwa mmekaa kwenye viti ningekumbuka kwamba mimi ni mgeni na ningeuliza.

Baba yangu alipofariki Nakuru nilikuwa mtoto wa shule. Wakaja Wayahudi wachache wa mji ule, wakaketi juu ya masanduku wasiseme kitu, na mama naye kimya mpaka jioni. Mimi nikawa naangalia vifua vyao. Baada ya muda wote walikuwa wanapumua pamoja bila kujua. Dansi zote nilizotunga nilikuwa naitafuta siku ile. Hivyo ndivyo nilivyokaa mbele yako, Mwanabaraka. Nilikuwa napumua na wewe na nilidhani unasikia.

Basi nasema sasa kwa wino. Pole. Pole sana kwa Harith, Mungu akupe subira. Pole kwa Nusra. Shangazi na Talib nitawaomba radhi ana kwa ana. Moyo wangu umekuwa mwepesi leo, sikujua ulikuwa mzito kiasi hicho.

Kama yamekwisha, niruhusu niirudishe ile ya kugeuza.

Tirza


Wembley
2 Novemba 2025

Bi Tirza wangu,

Nimemsomea shangazi barua yako. Akauliza, kwa hiyo yale mayai yalikuwa salama? Sasa anayasikitikia. Talib naye anajidai hakukasirika hata siku moja. Mie nimefurahi mpaka nimemkumbatia Nusra bila sababu akanitazama. Kukukosa wewe na Harith ndani ya wiki moja kulikuwa kunaniua.

Lakini ile ya kugeuza usiirudishe.

Niliandika kwa hasira, kweli, ila hasira haikuwa sababu. Hasira ilikuja nikaona hapa ndipo pa kujificha. Sasa umeniondolea, sina budi kusema. Nusra simwambii, shangazi simwambii, nakwambia wewe kwa sababu uko mbali kwa basi moja na hutaniona uso.

Nilikwambia Harith alikuwa akikunja uso nikimshika. Ilikuwa wiki zote za mwisho. Mtu aliyekuwa bingwa wa maneno, uso ndio kitu pekee alichobakiwa nacho cha kunisemesha, na kila nikitia mkono chini ya bega ananiambia hivyo. Nikabadilisha mkono. Nikapasha moto zaidi. Nikaenda polepole zaidi. Akakunja vile vile. Alhamisi ile alfajiri nimemgeuza kama kawaida, akakunja uso na akaguna. Nikamwambia nisamehe, nikamfunika, nikakimbilia jikoni kumpikia uji. Natia sukari, namsikia Nusra ananiita. Nilipofika ameshakwenda.

Kitu cha mwisho alichokipata duniani ni mikono yangu, na ilimuuma. Labda ndiyo iliyommaliza. Wanasema ni kiharusi cha pili, lakini waliosema hawakuuona ule uso. Nitasimamaje mbele za watu niwaonyeshe kwamba hivi ndivyo anavyogeuzwa mtu bila kuumia? Ningekuwa mwongo mkubwa kuliko wote humo ukumbini.

Usinionee huruma, nimechoka nayo.

Mwanabaraka


Golders Green
5 Novemba 2025

Mwanabaraka,

Swali la mwili silijibu kwa karatasi. Nakuja Jumapili mchana. Nitasalimia mlangoni, nitasalimia sebuleni, nitasalimia hata friji. Mayai nayaacha nyumbani. Edani mnapokea wageni wanawake, nimeshauliza, kwa hiyo usitafute kisingizio.

Harjit amekubali tuisogeze siku ya onyesho mpaka Februari, kabla ya Ramadhani yenu. Sikuombi uje. Nimeisogeza kwa sababu sina cha kuonyesha.

Tandika mkeka na mto mmoja.

Tirza


Wembley
11 Novemba 2025

Bi Tirza,

Tangu uondoke juzi shangazi anakusifia adabu. Anasema hajawahi kuamkiwa hivyo tangu aondoke Wete, na kwamba ulimpa Talib pole mpaka akatafuta pa kujificha. Salamu zako zinatutosha mpaka mwakani.

Nakuandikia kwa sababu mbele yao sikuweza kusema. Uliniambia nikugeuze, nikakataa. Hukubishana, ulijilaza tu kwenye mkeka na nyonga yako ile, ukafumba macho, ukangoja. Ikabidi. Nimesugua mikono, nimekutia mkono chini ya bega, na wewe ukakunja uso. Ule ule, Bi Tirza. Kama amekuachia wewe. Nikakuachia papo hapo. Ukasema, “Haiumi, endelea.” Nikaendelea. Ukatua, nikakutia mto. Halafu ukalala usingizi. Ukakoroma. Nikakaa pale nisijue nifanye nini na wewe, mpaka Nusra alipokuja kukuamsha kwa ajili ya basi.

Sasa nakuuliza, kwa Mungu wako na wangu ambaye ni mmoja: ulinihurumia? Ulijifanya? Kama haikuuma, ulikunja uso kwa nini? Niambie kweli hata kama ni mbaya. Nikijua kwamba nilimuumiza nitajua namna ya kuishi nalo, nimeona watu wakiishi na makubwa kuliko hilo. Lakini hili la kutojua, kila nikimshika mgonjwa nitakaporudi kazini litakuwa baina yetu.

Mwanabaraka


Golders Green
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mwanabaraka,

Muulize Léocadie kama mimi huwa nawahurumia wachezaji. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba mgongo wake ni ubao wa kupigia pasi. Juu ya mwili sisemi uongo, hata wa kufariji, maana mtu akidanganywa hapo anavunjika mguu.

Haikuuma. Nilikunja uso kabla hujanishika vizuri, nilipohisi tu mikono inakuja. Mwili huu niliurusha hewani mwenyewe miaka na miaka. Tangu nyonga ivunjike nageuzwa na watu, na kila mara nakunja uso, hata kwa yule muuguzi wa hospitali aliyekuwa na mikono kama pamba. Ni kiburi, Mwanabaraka, kiburi kitupu. Mtu mzima hataki kugeuzwa. Harith aliizungusha London nzima kwenye gari lake, na sasa anageuzwa na mke wake mwenyewe, ambaye angependa amwone bado na nguvu zake. Mimi katika nafasi yake ningekunja uso mpaka upasuke. Lakini mikono ikishafika kiburi kinachoka, na ndipo nilipolala. Mtu anayeumizwa hakoromi.

Hayo ni yangu mimi, na ungeweza kusema bibi kizee ananipoza. Kwa hiyo sikia la Nusra, ndilo lililonifanya niandike leo kabla Sabato haijaingia.

Alinisindikiza kituoni. Akaniambia kwa Kiingereza, unajua anavyokimbiza maneno, ikabidi arudie kwenye sikio langu zima. Alisema kuniona nimelala pale mkekani kumemkumbusha baba yake. Kila alfajiri ulipokwisha kumgeuza ulikwenda jikoni mbio, uji na nguo za kazi, hukukaa hata siku moja. Yeye Nusra ndiye aliyekaa. Na kila alfajiri, wewe ukishavuka mlango tu, uso wa baba yake ulikunjuka na akapata usingizi. Usiku kucha alikuwa macho na hakuwa na njia ya kukuambia. Alhamisi ile ilikuwa vivyo hivyo. Uso ukakunjuka, akalala, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, na nyingine haikuja. Nusra alidhani bado amelala. Alipomgusa ndipo alipokuita.

Nikamuuliza kwa nini hajakwambia. Akasema, “Nilidhani anajua.”

Siku zote wewe ulikuwa umeshageuza mgongo, na yeye alikuwa anaangalia. Nenda kamuulize mwenyewe. Mimi nimefikisha tu.

Tirza


Wembley
2 Februari 2026

Bi Tirza wangu,

Barua yako ya Novemba sikuijibu, na wewe hukuandika nyingine. Kimya chako mara hii nimekielewa, na ahsante kwa hicho.

Siku ile ile nilimwita Nusra chumbani. Nikamuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, ndiyo mazungumzo yetu tangu ameanza shule. Akanieleza yote uliyoandika, bila kuzidisha. Halafu alipofika kwenye uso wa baba yake Kiingereza kikamkwama. Akasema, “Mama, alikuwa anakungoja wewe ndo alale.” Sijamsikia binti yangu akisema maneno ya Kiswahili marefu hivyo kwa miaka. Tukalia wote wawili, na shangazi akaja akalia na sisi bila kuuliza ni la nini. Baada ya hapo nikalala. Nimelala mpaka adhuhuri, mie ambaye tangu Septemba nilikuwa nikishtuka shtuka na kuitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Niliamka na njaa, nikala wali wa mtu mzima na nusu.

Eda imekwisha Jumamosi. Nimeoga, nimejifukiza udi, tumeiondoa kanga kwenye kioo, na nimejiona nimekonda lakini ni mie. Tukatoka na Nusra kwa miguu mpaka barabarani. Baridi ilinipiga usoni nikafurahi, maduka yale yale, kelele zile zile za watu wanaokwenda kwenye mpira. Kazini narudi Jumatatu ijayo. Nimekwisha kuwaambia nataka wagonjwa wangu wale wale, na nataka shifti isiyonikimbiza.

Sasa dansi. Jumapili ya onyesho nakuja, na nakuja mapema. Ile ya kugeuza irudishe. Nitaifanya mie, usimpe mtu mwingine, na Léocadie asinune, atabeba mengine. Shangazi anakuja na Poonam, wamekwisha pangana nani akae mbele. Wenzangu wengi wa kazini wanakuja pia, kila mmoja ana mtu anayemgeuza mahali fulani, wengine mama zao wenyewe.

Kwa ajili yao kuna jambo nataka tulibadilishe. Ulimweka Miradie ndiye alale chini. Ni msichana mzuri, lakini hajui kugeuzwa. Anageuka kama anacheza, hana anachokipoteza. Mie nataka mtu anayekunja uso. Nataka wanawake wale wauone uso ukikunjwa, na waone kwamba mkono haukimbii. Halafu asiondoke mtu. Muziki ukinyamaza, watu wakidhani imekwisha, mie nikae pale pale pembeni mpaka uso ukunjuke, hata kama itachukua muda na watoto wakaanza kulia. Hiyo ndiyo sehemu niliyoikosa kwa Harith, na haikuwa kwenye yale niliyokuandikia, kwa sababu nilikuwa siijui.

Najua utasema umestaafu, hupandi jukwaani. Pale Wembley hakuna jukwaa, ni sakafu, nami nitakuletea godoro la kuwekea nyonga. Huna cha kufanya ila kulala. Ukisinzia mbele za watu usione haya, mie sitaondoka.

Mwanabaraka